Kusoma Ukingo wa Pezi

Mkia wa samaki wa mapambo ukianza kuchakaa, wafugaji wengi hukimbilia dukani. Wanarudi na chupa ya dawa ya bluu, au na unga wa dawa ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo, au wanafungua kabati na kutoa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baada ya mtu kupona kifua. Dawa inamiminwa tangini na maji yanabadilika rangi. Siku mbili tatu baadaye samaki aliyekuwa na mchaniko mdogo anahema juu juu ya maji, na wenzake waliokuwa wazima nao wameanza kulala chini. Mara nyingi pezi lile halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa limechanika tu, na pezi lililochanika hujijenga lenyewe likipewa maji safi.

Ndiyo maana ninaomba jambo moja kwa kila anayefuga samaki nyumbani: usinunue kitu kabla hujakaa mbele ya kioo na kuusoma ukingo wa pezi. Washa taa, subiri samaki ageuke ubavu, piga picha kwa simu. Kesho saa ile ile piga nyingine. Picha mbili za siku mbili zitakuambia mengi kuliko maelezo ya muuzaji ambaye hajamwona samaki wako.

Unatazama nini? Mchaniko wa kawaida hufuata mstari kati ya vijiti vya pezi, kingo zake ni safi na rangi yake ni ile ile ya pezi zima. Alama ya kuumwa ni pengo la mviringo, kana kwamba kipande kimekatwa kwa mkasi, na mara nyingi huwa nyuma ya mkia au ncha ya pezi la mgongoni, mahali ambapo anayekimbizwa hufikiwa kwanza. Pezi linalooza ni jambo jingine. Ukingo wake hauna umbo, una weupe wa maziwa au wekundu, na kila siku unasogea kuelekea mwilini. Utando hutangulia kuliwa, hivyo vijiti hubaki vimechomoza peke yake. Ukiona nyuzi nyeupe laini zimeota kama manyoya, hiyo ni Saprolegnia, kiumbe tunachokiita kuvu kwa mazoea ingawa wanabiolojia wamekiweka katika kundi lake. Saprolegnia hupenda kuotea penye jeraha la zamani au nyama iliyokufa, kwa hiyo swali la kwanza ni jeraha hilo lilitoka wapi.

Ili kuelewa kwa nini subira hufanya kazi, lazima tujue pezi limejengwaje. Limejengwa mithili ya mwavuli: vijiti vyembamba vya mfupa vinavyotoka kwenye shina, na utando wa ngozi uliotandazwa katikati yake. Kila kijiti ni msururu wa vipande vifupi vilivyoungana, na kila kipande kina nusu mbili zinazokumbatia mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Kadiri kijiti kinavyokwenda mbali na mwili ndivyo kinavyogawanyika matawi na kuwa chembamba zaidi. Ndiyo sababu ncha huharibika upesi, na pia ndiyo sababu uharibifu wa ncha ni mdogo kuliko unavyoonekana. Shina, yaani mifupa na misuli iliyozama ndani ya mwili, bado ni zima.

Wataalamu wameujua uwezo huu muda mrefu. Mwaka 1786 Mfaransa Pierre Marie Auguste Broussonet aliandika jinsi mapezi aliyoyakata kwa samaki wa dhahabu yalivyoota upya, mradi sehemu ya chini ilibaki. Zaidi ya karne moja baadaye Thomas Hunt Morgan, kabla hajawa maarufu kwa utafiti wa nzi wa matunda uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1933, alilichunguza jambo hilo hilo. Aliona kwamba pezi lililokatwa karibu na mwili huota kwa kasi kubwa kuliko lililokatwa karibu na ncha. Kwa namna fulani pezi linajua limepungukiwa kiasi gani.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa Danio rerio, samaki pundamilia mdogo wa mito ya Asia Kusini. Katika maji ya nyuzijoto 28, mkia wake ukikatwa, ngozi huufunika mkato ndani ya siku moja. Siku ya pili au ya tatu, kwenye ncha ya kila kijiti hukusanyika donge la seli changa linaloitwa blastema. Seli zilizokuwa zimekwishakuwa mfupa hurudi nyuma, zinakuwa changa tena na kuanza kuzaliana, kisha hujenga kipande kwa kipande kwenda nje. Baada ya wiki mbili hadi tatu mkia unakuwa umekaribia umbo lake la mwanzo, bila kovu. Hakuna dawa iliyowekwa katika maji yale. Kulikuwa na joto linalofaa, chakula na maji yasiyo na sumu.

Umri una sehemu yake. Nothobranchius furzeri, samaki wa madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji ambaye huishi miezi michache tu, amechunguzwa kwa swali hili, na imeonekana kwamba akizeeka uwezo wake wa kuotesha mkia hupungua. Ndugu yake yuko kwetu. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja. Huishi kwenye madimbwi yanayokauka, mayai yake husubiri mvua ndani ya tope, na wafugaji wa mabara mengine humtunza kama kito. Dume wake ana mkia mwekundu wenye ukingo mweusi, na ukingo huo ni rangi yake ya kuzaliwa. Nimelitaja hili kwa sababu wapo wanaouona weusi wa ukingo na kuanza kutibu. Mjue samaki wako alivyo akiwa mzima kabla hujaamua kwamba anaumwa.

Tukirudi kwenye majeraha, karibu yote huanzia sehemu mbili: majirani na maji.

Majirani ni rahisi kuwaona ukikaa kimya mbele ya tangi kwa muda. Puntigrus tetrazona, samaki mdogo wa Sumatra mwenye mistari myeusi, anajulikana kwa kunyofoa mapezi ya wenzake. Akiwa mmoja au wawili hana wa kushindana naye, kwa hiyo hugeukia yeyote mwenye mapezi marefu na mwendo wa taratibu. Wakiwa kundi la saba au nane ugomvi hubaki kati yao. Hata hivyo, mimi nisingewaweka pamoja na betta wala na samaki wa dhahabu wenye mikia ya mapazia, hata wangekuwa ishirini. Katika maziwa yetu tabia hii si ajabu. Ziwa Nyasa lina Genyochromis mento, ambaye riziki yake ni magamba na mapezi ya samaki wengine. Ziwa Tanganyika lina Perissodus microlepis, mla magamba ambaye mdomo wake umepinda upande mmoja, wengine kulia na wengine kushoto, ili kumvizia mwenzake kwa nyuma. Samaki wa jamii ya sato na furu wamekua katika ulimwengu huo wa kuviziana. Ukiwaweka madume wawili wa Tropheus, samaki wa jamii hiyo, katika tangi dogo lisilo na mawe ya kujificha, usishangae mkia wa mmoja ukiisha.

Betta ana shida ya peke yake. Betta splendens ni wa Thailand, nchi iliyomtangaza rasmi mwaka 2019 kuwa mnyama wake wa majini wa kitaifa. Huko porini ana mapezi mafupi. Hawa wa madukani wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi mapezi yao yakawa marefu kupita mwili, na wengine huyauma wenyewe. Asubuhi unakuta pengo kubwa mkiani na humo ndani hakuna samaki mwingine. Kuuma mkia huku huambatana na mkondo wa chujio unaomchosha, chombo kidogo, au kumwona dume mwenzake kupitia kioo mchana kutwa. Kwa maoni yangu, anayetaka betta kwa mara ya kwanza amtafute mwenye mapezi mafupi. Anaogelea vizuri, na ana raha zaidi.

Kuna pia vitu visivyo na uhai. Mimea ya plastiki yenye ncha kali, jiwe lenye makali, wavu wenye nyuzi ngumu. Mtihani mwepesi wa pambo ni soksi nyembamba ya nailoni: ipitishe juu yake, na ikinasa, pezi nalo litanasa.

Lakini adui mkubwa ni maji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote. Chakula kilichobaki na kinyesi huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sifongo ya chujio na juu ya changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuenea katika tangi jipya. Anayenunua tangi Jumamosi na kulijaza samaki Jumapili anawatia kwenye amonia kwa wiki hizo zote, na sehemu za kwanza kuonyesha ni kingo za mapezi na matamvua.

Amonia ina tabia ambayo wafugaji wa kwetu wanapaswa kuijua kuliko wengine. Katika maji ipo kwa sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye sumu kidogo, na uwiano wake hutegemea pH na joto. Katika nyuzijoto 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu ya sumu kali isiyofika asilimia 1. Yakifika pH 8 ni kama asilimia 5. Kwa pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na wanaofuga samaki wake huyaandaa maji hivyo makusudi. Maana yake ni kwamba kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mto wenye maji laini angekivumilia, kwa samaki wa ziwa hilo, awe wa Kigoma au Kalemie, ni hatari ya saa chache. Ndiyo maana kipimo cha amonia na cha pH ni vitu vya kwanza kununua, kabla ya dawa yoyote. Amonia iwe sifuri, nitriti iwe sifuri, nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi.

Umeme nao una habari yake. Chujio la boksi lililofungwa likizimika kwa saa nyingi, oksijeni ya ndani huisha na bakteria wale wazuri huanza kufa. Umeme ukirudi, maji machafu yaliyokwama humwagika tangini kwa mkupuo. Ikiwa umeme umekatika saa kadhaa, toa chujio, mwaga maji yake, suuza sifongo katika maji ya tangi lenyewe, kisha uliwashe. Usiisuuze kwa maji ya bomba, kwa sababu klorini iliyowekwa kuua vijidudu vya kipindupindu haitawachagua bakteria wako. Katika miji yenye mgao, mimi napendelea sifongo iliyo wazi inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa yenye betri ya akiba.

Sasa kuoza kwenyewe. Bakteria wanaohusika zaidi, kama Aeromonas na Pseudomonas, tayari wamo katika karibu kila tangi. Hawakuja na samaki mpya peke yake wala hawawezi kufukuzwa wakaisha. Wanangoja ute unaomkinga samaki ukwanguke na kinga yake ya mwili ishuke. Kwa sababu hiyo, kuua bakteria bila kurekebisha maji ni kupata nafuu ya siku chache, kisha hali inarudi pale pale.

Kuna mmoja ambaye hataki subira. Flavobacterium columnare, aliyeelezwa mwaka 1922 na H. S. Davis kutokana na samaki wa mto Mississippi nchini Marekani, huacha doa la kijivu au jeupe mgongoni au kandokando ya mdomo, na mapezi hupukutika kwa haraka. Katika maji yenye joto anaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Ukingo ukirudi nyuma kati ya asubuhi na jioni, au samaki kadhaa wakishikwa pamoja, mfikirie huyu. Wengi wameshauriwa kupandisha joto la maji kila samaki anapougua. Kwa huyu usithubutu: joto humpa nguvu. Lishushe taratibu hadi kiwango cha chini ambacho samaki wako anakiweza.

Mahali unapoishi panabadilisha hesabu. Dar es Salaam au Mombasa, maji ya tangi sebuleni hufika nyuzijoto 30 msimu wa joto. Magonjwa ya bakteria hukimbia na oksijeni hupungua: maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzijoto 30 hubeba kama 7.5. Nairobi shida ni kinyume. Usiku wa Julai, tangi lisilo na hita hushuka chini sana kwa betta, ambaye huhitaji 25 hadi 28, kinga yake inalala na pezi halioti. Juu ya hayo, mwinuko wa Nairobi hufanya maji yake yabebe oksijeni pungufu kuliko ya Pwani yenye joto lile lile, kwa kiasi kisichopungua sana moja ya tano. Pampu ya hewa si anasa katika mji wowote kati ya hiyo.

Basi unafanyaje? Ikiwa ukingo ni safi na samaki anakula, mtenge na anayemuuma, ondoa kilichomchana, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, na endelea kupiga picha. Maji mapya yawe na joto sawa na ya tangini, na yaondolewe klorini. Ndoo iliyoachwa wazi kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikitoa mapovu hupoteza klorini yake, lakini baadhi ya mamlaka za maji duniani hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa njia hiyo. Matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki ni salama zaidi.

Usikate pezi kwa mkasi ili "kulisawazisha". Kila mkato ni mlango mpya.

Ikiwa ukingo umeanza kubadilika rangi, au unaona unarudi nyuma polepole, chumvi ndiyo hatua inayofuata. Damu ya samaki ina chumvi kama gramu 9 kwa lita, wakati maji ya tangi hayana karibu kitu, hivyo maji huingia mwilini mwake muda wote kwa osmosisi, na figo hufanya kazi mchana na usiku kuyatoa. Jeraha huongeza mwanya huo. Ukiweka chumvi kidogo majini unampunguzia mzigo, na nguvu inayobaki inakwenda kwenye kidonda. Kiasi cha gramu 1 hadi 3 kwa lita pia huwabana bakteria wa columnare, na kloridi iliyomo huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua.

Fanya hivi katika chombo cha pembeni. Ndoo safi ya lita 20 ambayo haijawahi kuona sabuni inatosha kwa samaki mdogo, pamoja na pampu ya hewa na kifuniko chenye matundu. Siku ya kwanza yeyusha gramu 20 za chumvi kando, uzimimine kidogo kidogo. Siku ya pili ongeza nyingine 20. Sasa una gramu 2 kwa lita, na unaweza kukaa hapo siku saba hadi kumi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 5 au 6, lakini mizani ndogo ya jikoni ni bora. Kwa kuwa ndoo haina chujio lililokomaa, badilisha nusu ya maji kila siku na urudishe chumvi ya ile nusu tu. Maji yakipungua kwa kukauka, jaza bila chumvi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Wanaotumia maji ya kisima Pwani wapime kwanza, kwani visima vingi vya huko tayari vina chumvi yake.

Watu huogopa chumvi ya mezani kwa sababu ya madini joto. Kwa vipimo hivi, madini joto hayo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Chumvi ya mawe isiyo na viungo vya kuzuia kugandamana ni nzuri zaidi, ila ukikosa usiache samaki aoze kwa kuisubiri. Tahadhari ya kweli ni kwa kambare wadogo wa Corydoras na wengine wasio na magamba ya kawaida, ambao huvumilia kidogo, na kwa mimea ya tangini, ambayo mingi hufa.

Watu wa Pwani wana kitu kingine mlangoni mwao. Majani makavu ya mkungu, mti ule ule unaotoa kivuli na kungu barazani, ndiyo ambayo wafugaji wa betta wa Thailand wameyatumia siku nyingi. Kwa wataalamu mti huo ni Terminalia catappa. Majani hutoa tanini inayoyafanya maji yawe rangi ya chai na kushusha pH kidogo katika maji laini, na katika maabara dondoo zake zimeonekana kuzuia Aeromonas. Okota jani lililoanguka lenyewe na kukauka, mbali na barabara na mahali palipopigwa dawa, lioshe na uliweke moja katika ndoo. Lisaidie maji, usilipe kazi ya kuponya columnare. Wala usimpe samaki wa Tanganyika, maana maji anayotaka ni ya upande wa pili kabisa.

Viuavijasumu vina nafasi yao, na nafasi hiyo ni finyu: kuoza kumefika karibu na shina la pezi, kuna mistari myekundu mwilini, samaki ameacha kula, au dalili ni za columnare. Hapo mtafute daktari wa mifugo anayeelewa samaki. Vile vidonge vya amoksilini vya kabatini havifai, kwa kuwa Aeromonas wengi wana kinga ya asili dhidi ya ampisilini na ndugu zake. Erithromaisini hulenga zaidi kundi jingine la bakteria. Unga wa oksitetrasaiklini wa kuku hushikamana na kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo katika maji magumu sehemu kubwa yake hufungwa kabla haijamfikia samaki, na aliyeoga humo anabaki na ugonjwa wake. Dawa iliyochanganywa kwenye chakula, samaki akiwa bado anakula, kwa kawaida hufika mahali panapotakiwa, na kiasi kinachohitajika ni kidogo zaidi. Na dawa ya maji isitiwe kamwe kwenye tangi kuu, kwa sababu inaweza kuua bakteria wa chujio na kukuletea amonia ile ile iliyoanzisha matatizo. Kozi ikianza imalizwe. Dozi nusu nusu huzalisha bakteria sugu, na bakteria wa samaki na wa binadamu wanaweza kupeana usugu huo.

Kuhusu maji yenye dawa, yasimwagwe mtoni, kwenye mfereji wa mvua wala ziwani. Yamwage chooni. Mikono yako nayo ikingwe: Mycobacterium marinum huishi kwenye matangi ya samaki na huingia kupitia mkwaruzo na kuacha uvimbe mgumu wa ngozi unaochukua miezi kupona. Vaa glavu ukiwa na kidonda, na ukiwahi kupata uvimbe wa namna hiyo mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana bila taarifa hiyo si rahisi kuukisia.

Samaki anayejenga pezi anahitaji kula vizuri. Kama sisi, samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C, na upungufu wake huchelewesha vidonda kupona na huharibu mapezi. Vitamini hiyo hupotea upesi kwa joto, mwanga na hewa. Kopo lililofunguliwa mwaka jana na kuwekwa dirishani, au chakula kilichopimwa kwenye mfuko mwepesi wa plastiki, kinaweza kumshibisha samaki bila kumjenga. Nunua kidogo, funga vizuri, weka mahali pa baridi na giza. Ongeza protini: dafnia, au viluwiluwi vya mbu vilivyovuliwa na kuoshwa vizuri. Vivue tu, usivifuge, kwani usipovimaliza vitakuwa mbu wa nyumba nzima. Toa kidogo mara mbili kwa siku, na kilichobaki baada ya dakika chache kitolewe.

Kisha linakuja jambo linalowaangusha hata wafugaji makini. Pezi jipya halioti likiwa na rangi. Hutokea ukingo mwembamba usio na rangi, wa kioo au weupe hafifu, unaopitisha mwanga. Mtu anauona weupe, anadhani kuoza kumerudi, anaanza dawa siku ile ambayo samaki ameanza kupona. Picha zako za kila siku ndizo zitakazoamua. Weupe wa kuoza una ukungu, hauna umbo na unakwenda ndani. Weupe wa kupona ni laini, umenyooka na unakwenda nje. Weusi mwembamba uliojitokeza baada ya kuungua kwa amonia, nao unaweza kuwa rangi inayokusanyika kwenye kidonda kinachofunga, ikiwa pezi halifupiki tena. Rangi halisi hufuata baadaye, na kwa samaki wenye mapezi marefu kazi yote huchukua wiki nyingi kuliko za yule pundamilia wa maabara. Mahali ambapo kijiti kilivunjika karibu na shina, huenda kikarudi kimepinda. Hilo halimzuii kuogelea wala kuzaa.

Chumvi usiitoe kwa siku moja. Badilisha nusu ya maji bila kuirudisha, siku tatu au nne mfululizo, hadi maji ya ndoo yalingane na ya tangi. Kabla ya kumrudisha, hakikisha umeondoa sababu iliyomfikisha pale, na ikiwa sababu ilikuwa dume mwenye eneo lake, hamisha mawe na mapango kwanza ili mwenye eneo naye aanze kutafuta mipaka upya. Mrudishe jioni taa za tangi zikiwa zimezimwa, kisha asubuhi kaa hapo kwa nusu saa ya kwanza ya mwanga. Akikimbizwa bila kupata pa kujificha, mtoe mara hiyo hiyo na umtafutie tangi lake.